Stelingi Hafi? Shujaa wa Gemu na Deni la Mwisho Mwema

Katika vibanda umiza vya Manzese na Sinza, sheria ya kwanza ya filamu haikuhitaji kubandikwa ukutani: stelingi hafi. Atapigwa risasi ya bega, atatupwa mtoni, atafiwa na rafiki kipenzi katikati ya mkanda, lakini dakika za mwisho atakayebaki amesimama ni yeye. Aliyelipa kiingilio kumwona Rambo alikuwa ameuziwa ahadi hiyo, na watafsiri wa mikanda wa aina ya Lufufu, waliosimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji, waliijua vizuri. Stelingi akifa, watu hutoka wananung'unika kwamba wameibiwa.

Kisha mbele ya mabenchi kama yale yakaja magemu, na sheria ikapinduka. Stelingi wa gemu anakufa kila wakati. Anakufa mara kumi jioni moja, anaamka pale alipoanzia, anakufa tena, na hakuna anayenung'unika. Wanaosubiri zamu wanacheka tu. Kifo hicho ni cha mchezo, kimewekwa ili mchezaji ajifunze mkono wake. Ugomvi unaanza pale kifo kinapokuwa cha hadithi, yaani pale mchezaji ameshashinda kila kilichowekwa mbele yake na bado shujaa anaishia pabaya. Hapo madai ya zamani yanarudi kwa nguvu mpya: huyu ameteseka, na mimi nimehangaika naye, basi alipwe.

Hoja hiyo ya malipo ndiyo ninayotaka kuipinga. Jasho la mchezaji linadai ushindi, na ushindi si furaha ya shujaa. Shujaa mwenyewe hadaiwi kitu na mtunzi isipokuwa mwisho unaotokana na yale aliyoyatenda. Ubungo, jijini Dar es Salaam, ni mahali pazuri pa kulipimia jambo hili, kwa sababu hapo gemu huchezwa kwa namna ambayo nadharia nyingi za michezo ya video, zilizoandikwa na watu wenye mashine zao sebuleni, hazikuiwazia.

Ubungo ninayoizungumzia ni manispaa nzima iliyomegwa kutoka Kinondoni, kuanzia Manzese na Mabibo hadi Kimara, mpaka Mbezi ambako kituo cha mabasi ya mikoani kilihamia mwaka 2021. Banda la gemu la huko ni chumba kidogo chenye runinga, PlayStation ya toleo lililopitwa na wakati, benchi, na pedi ambazo ule mpira wa kidole gumba umelika hadi plastiki inang'aa. Unalipa kwa mechi au kwa muda, na mwenye banda ana jicho moja kwenye saa. Gemu inayotawala ni ya mpira wa miguu, na sababu yake ni ya kiuchumi kabla ya kuwa ya kimichezo: mechi ina mwisho wa karibu, mshindi anajulikana, aliyefungwa anaachia pedi.

Gemu ya hadithi huishi kwa taabu zaidi. Grand Theft Auto: San Andreas, iliyotoka mwaka 2004, ina misheni takriban mia moja. Kwa malipo ya nusu saa nusu saa hakuna kijana anayeimaliza kirahisi peke yake. Memori kadi ni ya banda. Mmoja anahangaika na misheni ya treni, ile ambayo Carl Johnson anaendesha pikipiki sambamba na reli huku Big Smoke, aliyempakia nyuma, akiwalenga wahuni walio juu ya mabehewa. Muda wake unakwisha, anaachia pedi. Wa pili anaendelea hapohapo, benchi zima likimshauri asiisogelee sana treni ili Smoke apate nafasi ya kulenga, na anapita. Kesho yake wa tatu anasevu juu ya kazi ya wote wawili bila kujua. Luku ikiisha kabla ya kusevu, saa nzima imekwenda na maji.

Sasa gemu hiyo ikifika mwisho wake, ni nani aliyeustahili? Mara nyingi anayeuona mwisho si aliyeanza mwanzo, na waliotazama tangu mwanzo huenda hawakuwahi kushika pedi. Hoja ya malipo inahitaji mfanyakazi mmoja anayejulikana, aliyefanya kazi yote na anayesubiri ujira wake. Banda halina mtu huyo. Lina wengi waliochangia vipande, na hadhira iliyochangia mdomo. Mwisho wa gemu unapoonekana hapo unapokelewa kama mwisho wa ngano unavyopokelewa na waliokaa kumsikiliza fanani: kwa kuulizana kama umekaa sawa.

Itasemwa kwamba banda ni hali ya upungufu, na kwamba gemu ilitungwa kwa mtu mmoja na mashine yake. Historia haikubali. Magemu ya mwanzo yaliyoenea duniani yalichezwa kwa sarafu mahali pa watu wengi, na hayakuwa na mwisho mwema kabisa. Katika Space Invaders ya mwaka 1978 wavamizi wanazidi kasi, na ukimaliza kundi moja linakuja jingine, mpaka wakuzidi. Pac-Man ya mwaka 1980 haina mwisho uliotungwa. Anayefika hatua ya 256 anakuta nusu ya kioo imevurugika, kwa kuwa programu haikuandaliwa kuhesabu kufika hapo. Mashine ya sarafu ilihitaji ufe ili utoe nyingine. Ni pale gemu ilipohamia nyumbani, ikanunuliwa mara moja na kuchezwa bila kikomo, ndipo binti mfalme wa Super Mario Bros. (1985) akawa zawadi ya kawaida ya kumaliza. Mwisho mwema kama ujira ni desturi ya sebule. Haukuzaliwa na mchezo wenyewe.

Tuuangalie basi mwisho ambao wachezaji wengi wa Dar es Salaam wanaujua, hata kama kwa kusimuliwa. Carl Johnson anarudi Los Santos kumzika mama yake. Anaporwa, anatishwa na polisi mla rushwa Frank Tenpenny, anasalitiwa na Big Smoke. Mwishoni Smoke anakufa mikononi mwake, Tenpenny anaangamia kwa ajali ya gari la zimamoto lililotumbukia kutoka darajani, familia inakaa sebuleni ikicheka, na Carl anatoka nje kuendelea na mitaa yake. Ni mwisho mwema, na umepatikana kwa kazi nzito. Je, ni wa haki? Kati ya mazishi ya mama na kicheko cha sebuleni, Carl ameua watu wasio na idadi, wengi wao wapita njia ambao mchezaji aliwagonga kwa sababu tu walikuwa barabarani. Gemu haiwakumbuki. Daftari lake lina safu ya mapato tu.

Aristotle aliliona tatizo hili mapema. Katika Poetika anaugusa utunzi ambao wema wanaishia kwenye heri na waovu kwenye shari, na anasema watu wanauweka nafasi ya kwanza kwa sababu ya udhaifu wa hadhira, kwa kuwa watunzi hufuata matakwa ya watazamaji. San Andreas inakwenda hatua moja mbele zaidi: haijali kama stelingi ni mwema, inajali kama ndiye tuliyempa mkono. Nisieleweke vibaya, gemu hii inapendeza, na misheni ya treni imenitoa jasho mimi mwenyewe. Ila ikiwa huo ndio mfano wa mwisho uliostahiliwa, basi kustahili kumekuwa jina jingine la kuvumilia hadi mwisho.

Kampuni iliyotoa San Andreas, Rockstar, ilijibu kwa namna nyingine mwaka 2010 katika Red Dead Redemption. John Marston, jambazi mstaafu, analazimishwa na serikali kuwawinda wenzake wa zamani. Anafanya yote. Anarudishiwa mke, mtoto na shamba, na mchezaji anapewa misheni za upole za kuchunga ng'ombe na kumfundisha mwanawe kuwinda. Kisha askari wanakuja. Marston anawatorosha mke na mtoto, anafungua mlango wa ghala na kukuta mstari wa bunduki. Mchezaji bado ana udhibiti wa silaha yake, anaweza kuwaangusha wachache, na hawezi kushinda. Kwa hoja ya malipo, huu ni wizi. Mimi nauona ndio mwisho pekee ambao hadithi ile ingeweza kuubeba: mtu aliyeishi kwa bunduki alidhani serikali ingemwacha hai akishamaliza kuitumikia, na sisi tulioshika pedi tulidhani hivyo naye.

Si kila mwisho mchungu una haki hiyo. Mass Effect 3, mwaka 2012, iliwakasirisha wachezaji wake kiasi kwamba waundaji, BioWare, walitoa nyongeza ya mwisho miezi michache baadaye. Wengi waliwaona wachezaji wale kama watoto wanaolilia peremende. Malalamiko yao makubwa yalikuwa mazito zaidi ya hapo: waliambiwa katika michezo mitatu kwamba maamuzi yao yana uzito, wakafika mwisho wakakuta njia chache zinazofanana sana. Hilo ni deni la kweli, na halihusu furaha hata kidogo.

Kwa msomaji wa Kiswahili, kipimo kikubwa cha jambo hili ni Fumo Liyongo. Utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913 umepangwa karibu kama gemu: mtego baada ya mtego, na kila mtego una ustadi wake. Wanaotumwa kumuua wanaweka kikoa cha kupanda mikoma kwa zamu wakitaka kumfuma akiwa juu. Liyongo haupandi mkoma, anaziangusha koma kwa mshale kutoka chini. Anafungwa gerezani, anamtuma kijakazi Saada kwa mama yake kwa maneno ya mafumbo, tupa inaletwa ndani ya mkate wa wishwa, na mlio wa tupa unafunikwa na kelele za ngoma ya gungu. Mchezaji yeyote angetambua mantiki hiyo. Kuna kizuizi, kuna chombo, kuna akili.

Mtego wa mwisho hauna ustadi. Mfalme wa Pate anamrubuni mtoto wa Liyongo amuulize baba yake kinachoweza kumuua. Liyongo anahisi kwamba kijana ametumwa, na bado anajibu: sindano ya shaba kitovuni. Hapa hakuna kilichomshinda nguvu. Anachagua kuwa baba mbele ya mwanawe, akijua gharama. Anachomwa usingizini, anatoka na upinde wake, anapiga goti kisimani na kufa mshale ukiwa mkononi, na watu wanaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Kijana naye halipwi alichoahidiwa, na anakufa kwa maradhi. Mwambao umeendelea kumsimulia Liyongo bila mtu kudai aokolewe, kwa sababu kifo chake kinatoka ndani ya tabia yake, kama ushindi wake ulivyotoka humohumo.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linatoka kwa Shaaban Robert. Katika Adili na Nduguze, Adili anaonewa na ndugu zake, anavumilia, anasamehe, na heri inamfikia. Wanaokaa kwenye mabenchi ya Ubungo ni vijana wadogo. Je, si vema waone kwamba wema hulipwa? Ni vema. Lakini Adili anafika pazuri kwa wema wake, na hilo linakubaliana kabisa na kipimo changu. Mwisho mwema unaotokana na matendo hauna ubaya wowote. Unaotolewa kwa sababu tu mchezaji amechoka ndio ninaoutilia shaka. Na kijana huyohuyo, akifika sekondari au Mlimani, chuo kilicho ndani ya manispaa yake, atakutana na vitabu vya Kezilahabi aliyefundisha hapo: Rosa Mistika (1971) na Kichwamaji (1974), wahusika wakuu wote wawili wakijitoa uhai. Atavistahimili. Tofauti kati ya kitabu na gemu ipo, maana msomaji hakumsukuma Rosa kwa kidole chake. Tofauti hiyo inaupa mwisho mchungu wa gemu uzito zaidi: mchezaji hawezi kunawa mikono.

Kwa bahati nzuri Kiswahili tayari kimo ndani ya gemu ya namna hii. Tales of Kenzera: Zau ilitoka Aprili 2024, ikiongozwa na Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye aliizaa kutokana na msiba wa baba yake, na inaweza kuchezwa kwa sauti za Kiswahili kutoka mwanzo hadi mwisho. Zau anafunga mapatano na Kalunga, mungu wa mauti: amletee roho tatu kubwa, naye arudishiwe baba. Anazileta zote. Anachopata ni uwezo wa kumuaga baba yake, na wala si ule mkataba kama alivyouelewa. Mtu aliyewahi kukaa msibani hatasema Zau amedhulumiwa.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii. Mchezaji apewe ushindi wake kila hatua, na asidanganywe kuhusu uzito wa anachokiamua. Shujaa apewe kinachomfuata, kiwe kitamu au kichungu. Na akitokea kijana wa vyuo vyetu wa kumtengenezea Liyongo gemu, amwachie mchezaji mkoma, mkate na gungu avishinde kwa akili yake. Sindano aiache kama ilivyo, bila kitufe cha kuikwepa.