Gatsata: Njia ya msafiri wa baiskeli

Sekta ya Gatsata, wilayani Gasabo, kaskazini mwa Kigali, hujulikana kwa gereji zake. Hapo hupita barabara itokayo Nyabugogo kuelekea mpaka wa Gatuna.

Nchini Rwanda magari hupita kulia. Uganda, Kenya na Tanzania hupita kushoto. Mgeni atokaye huko asiamini mazoea: kwenye njia panda atazame pande zote mbili kabla ya kukata kona.

Mbwa akimfukuza, ashuke taratibu, aiweke baiskeli kati yao, wala asikimbie. Aking'atwa, aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali mara moja apate chanjo. Dalili za kichaa cha mbwa zikishatokea, ni nadra mtu kupona.