Kutegemeana na Maambukizi: Istilahi Mbili za Misukosuko ya Masoko na Funzo la Rufiji

Miongoni mwa istilahi za uchumi zinazowasumbua wafasiri na walimu ni zile zinazoeleza jinsi masoko ya hisa ya nchi mbalimbali yanavyoathiriana wakati wa misukosuko. Aghalabu neno moja tu, maambukizi, hutumiwa kwa kila hali. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba neno hilo peke yake halitoshi, na kwamba kulitumia ovyo kwaweza kumpotosha mtumishi wa serikali anayepaswa kumweleza mkulima kwa nini bei ya zao lake imeanguka. Ushahidi wetu tutautoa katika historia ya bonde na delta ya Rufiji, pamoja na Kibiti, iliyokuwa sehemu ya Wilaya ya Rufiji kabla ya kugawanywa.

Huenda msomaji akauliza: Rufiji na soko la hisa, wapi na wapi? Ni kweli kwamba Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998 tu. Lakini Rufiji ilikwisha kufungamana na masoko ya mbali zamani sana. Majahazi yalichukua boriti za mikoko kutoka delta na kuzipeleka Arabuni na Ghuba ya Uajemi. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walilazimisha kilimo cha pamba. Chuki dhidi ya kilimo hicho ilikuwa mojawapo ya sababu za Vita vya Maji Maji, na Kinjikitile Ngwale alinyongwa Mohoro Agosti 1905. Katika utawala wa Waingereza pamba iliendelea kupandwa katika mashamba ya mlau, yaani yale yanayolimwa maji ya mafuriko yakishapungua. Pamba hiyo ilipimwa Rufiji, lakini bei yake iliamriwa Liverpool na New York.

Tarehe 24 na 29 Oktoba 1929 bei za hisa zilianguka vibaya katika soko la New York. Kipimo cha Dow Jones, kilichokuwa 381 Septemba mwaka huo, kilishuka hadi 41 Julai 1932. Mabenki ya Marekani yaliacha kukopesha Ulaya na kudai yaliyokwisha kukopeshwa. Mei 1931 benki kubwa ya Austria, Creditanstalt, ilitangaza hasara iliyoitikisa Vienna. Julai mabenki ya Ujerumani yakafunga milango. Na tarehe 21 Septemba 1931 Uingereza ikaacha kuifungamanisha pauni na dhahabu. Shilingi ya Afrika Mashariki, iliyotolewa na Bodi ya Sarafu iliyoundwa mwaka 1919, ilikuwa imefungwa kwenye pauni. Pauni ilipotelemka, nayo ikatelemka pamoja nayo.

Wakati huo huo bei ya pamba ya Marekani ilishuka kutoka senti 17 hivi kwa ratili mwaka 1929 hadi senti 6 hivi mwaka 1931. Mkulima wa Rufiji hakuwa na hisa hata moja. Hata hivyo kodi alidaiwa kwa fedha taslimu, na bei ikishuka hadi theluthi, hana budi kupima pamba mara tatu ili apate shilingi zile zile. Serikali ya kikoloni ilijibu kwa kampeni ya kuwahimiza wenyeji walime zaidi, kana kwamba shida ilikuwa upungufu wa jasho.

Sasa tujiulize: je, yaliyompata mkulima huyo yaitwe maambukizi? Ugonjwa humwambukiza mtu aliyekuwa mzima kwa kukaribiana na mgonjwa. Lakini Rufiji haikukaribiana na New York. Ilifungwa nayo kwa kamba tatu zilizofumwa kabla ya msukosuko: bei ya zao, sarafu, na mkopo uliomwezesha mnunuzi kununua. Wataalamu wa uchumi hutofautisha hali hizi mbili. Uhusiano uliokuwapo siku zote, ambao msukosuko unapita ndani yake, twapendekeza uitwe kutegemeana kwa masoko. Neno maambukizi libaki kwa hali ambayo uhusiano huo unazidi ghafla kuliko kawaida, hasa kwa sababu ya hofu ya wenye mitaji. Tarehe 19 Oktoba 1987 hofu ya namna hiyo ilizagaa Hong Kong, London na New York katika siku moja, na kipimo cha Dow Jones kikapoteza zaidi ya asilimia 22.

Msukosuko wa mwaka 2008 unaonyesha faida ya kutenganisha maneno haya. Baada ya benki ya Lehman Brothers kufilisika Septemba mwaka huo, soko la hisa la Dar es Salaam halikutikisika kama lile la Nairobi, kwa kuwa wageni waliwekewa mpaka wa kumiliki hisa na mitaji haikuruhusiwa kuingia na kutoka ovyo. Maambukizi yalizuiwa mlangoni. Kutegemeana hakukuzuilika: bei ya pamba ilianguka, na Juni 2009 Rais Jakaya Kikwete alitangaza mpango wa kuunusuru uchumi, uliojumuisha kufidia hasara ya wanunuzi wa mazao.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Dhidi ya maambukizi, serikali yaweza kufunga mlango kwa muda. Dhidi ya kutegemeana, mlango haufai kitu. Yapasa kuangalia kamba zenyewe: tunauza nini, kwa nani, na kwa fedha ya nani. Leo korosho na ufuta wa Kibiti huuzwa mnadani, na sehemu kubwa ya korosho ghafi za nchi yetu hununuliwa na viwanda vya India na Vietnam. Bei ikishuka, mkulima atamwuliza bwana shamba sababu. Akijibiwa kwamba soko limeambukizwa, atangoja lipone. Akielezwa kwamba bei yake inategemea viwanda vya ng'ambo, atakuwa amepewa neno la kumwezesha kuuliza swali la pili. Mkulima wa mwaka 1931 hakupewa neno hilo. Aliambiwa alime zaidi.