Mageuzi kwa Mkopo: Kilimo cha Kisangani Tangu Amri ya 1917

Simi-Simi iko upande wa magharibi wa Kisangani, ukingo wa kulia wa Mto Kongo, na wengi wanaijua kwa uwanja wake wa zamani wa ndege. Hapo ndipo askari wa miavuli wa Ubelgiji walipoteremka alfajiri ya tarehe 24 Novemba 1964, walipokuja kuwaokoa mateka walioshikiliwa mjini na waasi wa Simba. Waandishi wa historia ya vita hawachoki kuutaja uwanja huo. Lakini upande huohuo wa jiji, mto unapoelekea Yangambi, kuna historia nyingine isiyo na mlio wa bunduki: ya mitumbwi inayopanda na kushuka na mpunga, muhogo, ndizi na mawese, na ya serikali zilizopokezana kutaka kubadilisha namna watu wanavyolima. Mara nyingi mabadiliko hayo yaligharimiwa kwa fedha za kukopa. Makala haya yanauliza nani aliyeyapima mageuzi hayo, na kwa mizani gani.

Mpunga kutoka mashariki

Kabla ya mkopo wowote, kilimo cha hapa kilibadilishwa na biashara. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, misafara ya Waswahili na Waarabu wa pwani ilifika Lualaba, kisha maporomoko ya maji ambayo Wazungu waliyaita Stanley Falls. Mwaka 1887 Hamed bin Muhammed el-Murjebi, maarufu kama Tippu Tip, alikubaliana na Stanley kuwa liwali wa eneo hilo kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Pili, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Utawala wa watu wa pwani ulivunjwa kwa vita vya 1892 hadi 1894. Biashara yao ilikuwa pia ya pembe na watumwa, na hilo halifichiki. Hata hivyo mpunga walioueneza ulibaki mashambani, kama lugha yao ilivyobaki midomoni. Wangwana, wafuasi wa watu hao wa pwani, waliolima kandokando ya mto, na Walokele waliosafirisha mazao kwa mitumbwi, waliifanya Kisangani kuwa soko la chakula.

Hakuna aliyewalazimisha wakulima kuupokea mpunga kwa hati na mhuri. Waliuchukua kwa sababu ulilika, ulihifadhika na uliuzika.

Amri, vijiji vya mfano na dola milioni 40

Serikali ya kikoloni ilichagua njia nyingine. Amri ya tarehe 20 Februari 1917 ilianzisha kilimo cha lazima, na katika jimbo la mashariki mazao yaliyosukumwa mbele yalikuwa pamba na mpunga. Mkulima alidaiwa hadi siku 60 za kazi kwa mwaka, na mwaka 1942, wakati wa vita vya dunia, zikapandishwa kuwa 120. Asiyetimiza alitozwa faini au akatiwa kifungoni. Bei iliwekwa na serikali, na mnunuzi naye alipewa eneo lake na serikali.

Mwaka 1933 taasisi ya utafiti ya INEAC iliundwa, na makao yake makubwa yakawa Yangambi, yapata kilomita 100 chini ya mto kutoka Kisangani. Kazi yake ya kisayansi ilikuwa ya hali ya juu: michikichi, kahawa aina ya robusta, na mbegu za mpunga wa nchi kavu kama R66. Kutokana na utafiti huo ukazaliwa mpango wa paysannat, uliojaribiwa miongoni mwa Waturumbu jirani na Yangambi. Msitu uligawanywa katika vipande virefu, kila familia ikapewa mgawo wake, na zamu ya kulima na kupumzisha ardhi ikapangwa na wataalamu. Kufikia mwisho wa ukoloni, karibu kaya 200,000 katika Kongo nzima zilikuwa ndani ya mpango huo.

Fedha zilitoka wapi? Mpango wa Miaka Kumi wa 1949 hadi 1959 ulitegemea sana mikopo. Mwaka 1951 Benki ya Dunia iliikopesha Kongo ya Wabelgiji dola milioni 40, Ubelgiji ikiwa mdhamini. Wakongo hawakuwa na kura wala bunge la kujadili mkopo huo. Baada ya uhuru, deni la enzi za ukoloni likawa mgogoro mrefu kati ya Brussels na Léopoldville (Kinshasa ya leo), hadi mkataba wa Februari 1965. Hapo kanuni ilikwisha kuwekwa: anayekopa, anayepanga na anayelipa wanaweza kuwa watu watatu tofauti.

Kutaifisha, kisha kukopa

Uasi wa 1964 uliyaacha mashamba makubwa ya kahawa na michikichi bila wenyewe, na barabara bila matengenezo. Mobutu aliposhika madaraka, bei ya shaba ilimpa jeuri. Tarehe 30 Novemba 1973 alitangaza Zairianization: maduka, mashamba na biashara za wageni wakapewa Wazaire, kama Wakongo walivyoitwa wakati huo, wengi wao wakiwa watu wa chama na serikali. Mjini Kisangani maduka yalimalizwa bidhaa bila kujazwa tena, na malori yaliyokuwa yakienda vijijini kununua mpunga yakasimama kwa kukosa vipuri. Bei ya shaba ikaanguka mwaka uliofuata, na nchi ikageukia mikopo kwa pupa.

Mwanaanthropolojia Janet MacGaffey, aliyefanya utafiti mjini Kisangani mwishoni mwa miaka ya 1970, alieleza hali hiyo vizuri. Wafanyabiashara wasio na cheo serikalini walijenga biashara zao wenyewe pembeni ya dola. Wanande waliteremsha maharagwe na mboga kutoka Kivu, huku kahawa ikivuka mipaka kimyakimya. Uchumi ulikuwa hai, isipokuwa haukupita kwenye vitabu ambavyo wakopeshaji walivisoma.

Wakopeshaji wenyewe walikuwa wamekwisha kuonywa. Mwaka 1978 IMF ilimpeleka Mjerumani Erwin Blumenthal kusimamia Benki ya Zaire. Ripoti yake ya 1982 ilisema wazi kwamba kwa wizi uliokuwapo, wadai hawakuwa na matumaini ya kurudishiwa fedha zao. Mikopo iliendelea.

Bei huru juu ya barabara mbovu

Mwaka 1981 Benki ya Dunia ilitoa ripoti iliyoandaliwa chini ya Elliot Berg. Hoja yake ilikuwa kwamba serikali za Afrika ndizo zilizoua kilimo kwa bei za kupangwa, mashirika ya umma yenye ukiritimba na sarafu yenye thamani ya kubandika. Dawa yake: achia bei, ondoa bodi, shusha thamani ya sarafu. Zaire ilifuata upesi. Mwaka 1982 bei za karibu mazao yote ziliachiwa huru, na Septemba 1983 sarafu ya zaire ilipunguzwa thamani kwa zaidi ya robo tatu. Kwa mizani ya mkopeshaji, hayo yalikuwa mageuzi makubwa, na yalitimizwa.

Kwa mizani ya mkulima wa Isangi au Opala, mambo hayakuwa mepesi hivyo. Wachumi David Shapiro na Eric Tollens, katika kitabu chao cha 1992 kuhusu kilimo cha Zaire, wanaonyesha kwamba bei huru zilisaidia pale tu mnunuzi alipoweza kufika. Maofisa wa mikoa waliendelea kutangaza bei kana kwamba amri ya 1982 haikutolewa, na kilimo cha lazima, kile cha 1917, kiliendelea kutozewa faini katika sehemu nyingi. Kwenye barabara za vumbi askari walisimamisha malori penye bariere, yaani vizuizi vya njiani, na kila bariere ilikata sehemu yake. Mto unapitika kwa zaidi ya kilomita 1,700 kutoka Kinshasa hadi Kisangani, lakini matishari ya shirika la uchukuzi la ONATRA yalichelewa hata mchele ukaota ukungu bandarini.

Ripoti ya Berg haikukosea yote. Bei za kupangwa kweli zilikuwa kodi iliyofichwa juu ya wakulima, na atakayezitetea leo ajibu ni nani aliyenufaika nazo. Kosa lilikuwa katika kupima: amri iliyotiwa saini Kinshasa ilihesabiwa kuwa ni mageuzi yaliyofika kijijini.

Jirani zetu na mahindi

Kongo haikuwa peke yake. Kenya ilitia saini mkopo wa kurekebisha sekta ya kilimo mwaka 1986, na suala kuu lilikuwa ukiritimba wa bodi ya nafaka na marufuku ya kusafirisha mahindi kutoka wilaya moja hadi nyingine bila kibali. Vizuizi vililegezwa, vikarudishwa mwaka 1992, kisha biashara ikaachiwa kabisa mwishoni mwa 1993 baada ya wafadhili kufunga mfereji. Mwanauchumi Paul Collier aliandika kwamba serikali ya Kenya iliiuzia Benki ya Dunia mageuzi yaleyale ya kilimo mara nne katika miaka 15. Tuseme wote wawili walikuwa na sababu: mmoja alihitaji fedha, mwingine alihitaji kuonekana amekopesha.

Tanzania ilipitia njia yake. Vyama vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976 na nafasi yake ikachukuliwa na mamlaka za mazao, huku Benki ya Dunia ikigharimia mradi wa taifa wa mahindi. Sheria ya 1982 ikarudisha ushirika, na baada ya mpango wa kufufua uchumi wa 1986 biashara ya nafaka ikafunguliwa kwa watu binafsi. Ruzuku ya mbolea iliondolewa hatua kwa hatua mwanzoni mwa miaka ya 1990 kama sharti la mageuzi. Mwaka 2009 Benki hiyohiyo ikakopesha dola milioni 160 kwa mradi uliogharimia vocha za ruzuku ya mbolea na mbegu. Mkulima wa Mbinga au Rungwe alilipia kuondolewa kwa ruzuku, kisha akakopewa kurudishwa kwake.

Wasomi hawakunyamaza. Mwaka 1989 Tume ya Uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Afrika, chini ya Adebayo Adedeji, ilitoa mpango mbadala ukidai kwamba marekebisho yalisahau miundombinu, utafiti na chakula cha ndani. Benki ilijibu mwaka 1994 kwa ripoti iliyosema nchi zilizorekebisha vizuri zilikua vizuri zaidi. Lakini mwaka 2007 kitengo chake cha tathmini kilikiri kwamba kati ya 1991 na 2006 kilimo kilipata takriban asilimia 8 tu ya mikopo yake ya uwekezaji Afrika kusini mwa Sahara. Sera zilikuwa zimerekebishwa, na fedha za kuzifuatia hazikuja.

Baada ya vita

Wakati ripoti hizo zikibishaniwa, Kisangani ilikuwa katika dhiki nyingine. Mwaka 1994 IMF iliisimamishia Zaire haki ya kupiga kura. Vita vya 1998 vilifunga mto, na Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya jiji. Chakula kiliingia kwa baiskeli: vijana wa toleka walisukuma magunia kwa kilomita nyingi msituni.

Wakopeshaji walirudi mwaka 2002 kwa mradi wa dharura wa PMURR, wa dola milioni 454. Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo (IFAD) uliidhinisha mpango wa kufufua kilimo katika Province Orientale, PRAPO, mwaka 2005. Mradi wa barabara wa Pro-Routes wa 2008 ulifungua barabara ya Kisangani–Buta. Julai 2010 Kongo ilisamehewa madeni yenye thamani ya dola bilioni 12.3. Mwaka uliofuata Bunge likapitisha sheria ya misingi ya kilimo ya tarehe 24 Desemba 2011, na mwaka 2022 Benki ya Dunia ikaidhinisha programu mpya ya taifa ya kilimo ya dola milioni 500.

Kuna somo katika orodha hiyo. Barabara ya Buta haikuitwa mageuzi ya kilimo, wala haikudai kubadilisha sera ya bei. Ilipopitika, malori yalianza kuwafuata wakulima. Barabara inapooza tena kwa kukosa matengenezo, bei huru hubaki jina tu.

Maswali matatu ya mpimaji

Tathmini nyingi za mikopo ya kilimo huuliza kama serikali ilitimiza masharti kwa wakati. Swali hilo ni la mdai. Historia ya Kisangani inadai mengine matatu. La kwanza: bei anayopata mkulima shambani ni sehemu gani ya bei ya sokoni Kisangani, na sehemu hiyo imeongezeka au imepungua tangu mkopo utolewe? La pili: kati ya shamba na soko, ni bariere ngapi, na nani anakula penye kila moja? La tatu: mageuzi yanayoondoa kitu yameacha nini mahali pake, na nani atakitunza fedha zikiisha?

Maswali haya hayahitaji kompyuta wala mtaalamu kutoka Washington. Karani mwenye mizani na daftari, akikaa kwenye bandari ndogo za mto kwa misimu miwili, atayajibu. Majibu yake yasomwe mbele ya wakulima, kwa Kiswahili na Lingala, kabla ya kupelekwa Kinshasa, na yawe sharti la awamu ya pili ya mkopo kama zilivyo hesabu za wizara. Deni la 1951 lilikopwa bila wakulima kuulizwa. Yale ya leo yatalipwa na watoto wao, na hakuna kisingizio tena cha kutowauliza.