Sauti ya mzee, mbwa wa santuri na tangazo la mbegu

Nimekuwa kimya, nilikuwa nyumbani Meru. Leo hakuna programu, ni historia kidogo.

Kaka yangu ana duka la agroveti mjini Embu, alilorithi kwa mzee wetu aliyefariki mwaka 2021. Juzi aliniletea simu ya marehemu. "Wewe ndiye mtu wa kompyuta. Nitolee sauti ya baba humu, niiweke kwa tangazo la redio."

Wazo hilo lina umri kuliko redio yenyewe. Mnamjua yule mbwa wa santuri za His Master's Voice? Aliitwa Nipper. Bwana wake, Mark Barraud, alifariki Uingereza mwaka 1887, na mbwa akaishia kwa ndugu yake Francis, mchoraji. Hadithi iliyouza santuri ni kwamba mbwa anasikiliza sauti ya bwana aliyekufa. Sasa angalieni mtambo. Francis alichora kwanza fonografu ya silinda. Mwaka 1899 Gramophone Company ilikubali kuinunua picha, ila achore gramafoni juu ya fonografu. Fonografu iliweza kurekodi na kucheza. Gramafoni ilicheza tu santuri za dukani. Kwa hiyo katika picha tunayoijua, bwana hakuweza hata kujirekodi nyumbani! Mtambo ulibadilishwa, huzuni ikaachwa kwa sababu ndiyo iliyouza.

(Kampuni hiyo hiyo ilimrekodi Siti binti Saad wa Zanzibar huko Bombay mwaka 1928. Alifariki 1950, na bado tunamsikia.)

Halafu Tiger Woods. Aprili 2010, baada ya kashfa ya ndoa yake, Nike ilitoa tangazo: Tiger amesimama kimya, na sauti ya baba yake, Earl, inamuuliza alikuwa akiwaza nini, na kama amejifunza lolote. Earl alikuwa amefariki Mei 2006, hakuijua kashfa hiyo. Maneno yalikatwa kutoka mahojiano ya 2004, alipokuwa akizungumzia mambo mengine kabisa, yeye na mkewe. Hakuna neno la uongo lililorekodiwa pale. Kilichofanya kazi ni mkasi.

Nami mkasi ninao, tena wa bure, Audacity. Katika simu nilipata ujumbe wa WhatsApp ambao mzee alimtumia dada yetu. Anasema kwa Kimeru kwamba mbegu fulani ya mahindi ni nzuri sana. Kaka alifurahi kweli, ndiyo mbegu anayouza. Lakini sentensi inaendelea: nzuri sana, ila si ya shamba letu, mvua yetu ni haba, itakutia hasara.

Kaka anataka niishie kabla ya "ila". Ni kazi ya dakika moja. Wateja wake wengi wanalima sehemu kavu kuliko kwetu, na wengi waliifahamu sauti ile.

Jioni nilimchezea mama yote. Aliomba irudiwe, kisha nikamtumia faili nzima kwa simu yake. Kaka bado ananidai kipande.