Bundi wa Pemba hana kwao kwingine duniani

KWA msafiri anayesubiri boti ya kwenda Mafia katika gati la Nyamisati, wilayani Kibiti, bahari iliyo mbele yake huonekana pana. Hata hivyo, ni bahari ya kina kifupi, iliyopokea tope la Mto Rufiji kwa maelfu ya miaka.

Takriban miaka 20,000 iliyopita, katika kipindi cha barafu, usawa wa bahari duniani ulikuwa chini kwa kadiri ya mita 120 kuliko ulivyo sasa. Sehemu kubwa ya mkondo huo wa Mafia ilikuwa nchi kavu, na ndiyo sababu wanyama na ndege wa Mafia kwa sehemu kubwa ni wale wale wa Kibiti na Rufiji.

Pemba ni habari nyingine. Mkondo unaoitenganisha na bara una upana wa kilometa 50 hivi, na kina chake hufika mamia ya mita. Hata maji yalipopungua kiasi hicho, Pemba ilibaki kisiwa. Ndege waliowahi kuvuka wakaishi huko kwa muda mrefu mno, hadi wakawa spishi za peke yao.

Wataalamu huwataja ndege wanne ambao hawapatikani popote pengine duniani: njiwa wa kijani wa Pemba, chozi wa Pemba, kijendege chenye duara jeupe machoni, na bundi mdogo ambaye jina lake la kisayansi ni Otus pembaensis.

Bundi huyo ana urefu wa takriban sentimita 20, macho ya manjano na vishungi vidogo kichwani. Wapo wenye rangi ya kahawia na wapo wenye wekundu kama wa kutu, nao wote ni spishi moja. Chakula chake kikuu ni wadudu, ambao huwakamata usiku. Mchana hujibanza kwenye majani mazito, na mtu anaweza kupita chini yake asijue.

Anayemtafuta humtambua kwa sauti. Hutoa mlio mfupi mmoja, "hu", akanyamaza, kisha akarudia. Wakati mwingine huitoa milio kadhaa mfululizo, na dume na jike huitikiana. Kuhusu uzazi wake elimu iliyopo ni ndogo, ila inaaminika kwamba hutaga katika mashimo ya miti mikubwa.

Aliyemwandika kwa mara ya kwanza katika vitabu vya sayansi, mwaka 1937, ni R. H. W. Pakenham, ofisa wa utawala wa Kiingereza Zanzibar. Kwa miaka mingi baadaye wataalamu wengine walimhesabu kuwa ni tawi la bundi wa Madagaska, kabla ya kukubalika kuwa anasimama peke yake.

Suala hilo si la kamusi tu. Ndege anayehesabiwa kuwa tawi akitoweka, spishi yake inaendelea kuishi kwingine. Bundi wa Pemba akitoweka, hakuna wa kuletwa kutoka bara.

Mfano wa kinyume chake uko Rufiji penyewe. Ukipanda mto kutoka delta kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, yupo bundi mkubwa anayevua samaki usiku kutoka kwenye miti ya kingo. Huyo naye anategemea miti mikubwa na maji yaliyotulia, lakini jamaa zake wameenea katika mito mingi ya Afrika. Akipungua Rufiji, hasara ni ya Rufiji. Bundi wa Pemba hana Rufiji nyingine.

Kisiwa chenyewe kimebadilika sana. Misitu mingi ya asili iliondolewa katika karne ya 19 kupisha mikarafuu, na baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo ikawa shamba kuu. Msitu mkubwa uliosalia ni Ngezi, kaskazini magharibi, wenye hekta 1,400 na ushei. Upande wa mashariki kuna kipande kidogo kiitwacho Msitu Mkuu.

Bahati njema ni kwamba bundi huyu hakung'ang'ania msitu pekee. Huonekana pia katika mashamba ya mikarafuu yenye miti ya zamani. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo ndipo mambo yatakapoamuliwa, kwa sababu Ngezi ina ulinzi, ambapo shamba la karafuu ni mali ya mtu mwenye haja zake. Mti mzee wenye shimo kwake ni kuni, mbao au kikwazo cha muhogo.

Haja hizo zinakua. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 406,848 Pemba. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu 543,441, kwenye kisiwa kisichofika kilometa za mraba 1,000.

Kimataifa, bundi wa Pemba amewekwa katika ngazi ya kwanza kati ya tatu za spishi zinazotishiwa kutoweka. Ndugu yake wa msitu wa Arabuko-Sokoke, Kenya, ambaye pia yuko chini ya milima ya Usambara Mashariki, yuko ngazi ya pili. Katika kisiwa cha Príncipe, magharibi mwa Afrika, bundi wa jamii hiyo hiyo alitambuliwa rasmi mwaka 2022 tu, naye anaishi katika eneo la kilometa za mraba 15 hivi.

Zanzibar ina Sheria Namba 10 ya mwaka 1996 ya usimamizi na uhifadhi wa misitu. Kilicho kigumu zaidi kukitungia sheria ni hofu. Pwani nzima bundi ni ndege wa uchuro. Kamusi za zamani zina hata jina "babewatoto" kwa aina ya bundi. Anayelia juu ya paa hufukuzwa kwa mawe, pengine na kisomo.

Huko Ngezi, mlio huo huo umekuwa riziki. Wageni huongozwa msituni jua linapozama, wakasimama kimya gizani, wakisubiri "hu" ya kwanza.