Upimaji na Alama katika Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki

Upimaji wa chuo kikuu ni utaratibu ambao kwao kazi ya mwanafunzi katika kozi hupewa alama, alama hubadilishwa kuwa gredi, na gredi za miaka yote ya masomo hujumlishwa ili kupata daraja la shahada atakayotunukiwa. Huandamana na masharti mengine: kozi za lazima na za hiari, kozi ambazo sharti zitangulie nyingine, kiwango cha mahudhurio, tarehe za kukusanya kazi, na adhabu ya udanganyifu. Waajiri, wazazi na hata wanafunzi wenyewe huichukulia alama kana kwamba imesomwa kwenye mizani ya dukani. Makala haya yanashikilia maoni tofauti. Alama ya chuo ni uamuzi wa kikanuni unaotolewa kwa sura ya kipimo, na haki yake inategemea zaidi kutangazwa na kufuatwa kwa kanuni kuliko ukali au upole wa anayesahihisha.

Ushahidi wa kwanza umo katika majedwali ya vyuo vyenyewe. Kwa shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, gredi A huanzia alama 70, B+ 60, B 50, na C, ambayo ndiyo mpaka wa kufaulu, 40. Gredi hizo huhesabiwa pointi 5, 4, 3 na 2 kwa mpangilio huo, na wastani wa pointi, ambao kila mwanafunzi huuita GPA, ukifika 4.4 humpa mhitimu daraja la kwanza. Makerere ya Kampala nayo hutumia pointi 5 na mpaka uleule wa 4.4, lakini A yake huanzia 80, mpaka wa kufaulu ni 50, na kati ya gredi na gredi kuna hatua ya nusu pointi. Mtindo uliozoeleka Kenya hauna pointi kabisa: asilimia za kozi hupigiwa wastani, na aliyefikisha 70 ana daraja la kwanza. Vyuo vya Kongo, Lubumbashi kikiwamo, vimezoea kutoa alama kati ya 20, na 10 ndiyo ya kuvukia.

Tofauti hizi si za sura tu. Tuchukue wanafunzi wawili wa kufikirika, kila mmoja akiwa na kozi tatu zenye uzito sawa. Wa kwanza amepata 70, 70 na 70. Wa pili amepata 69, 69 na 100, yaani wastani wa alama 79.3. Kwa mizani ya Dar es Salaam, wa kwanza ana GPA ya 5.0, juu kabisa, ilhali wa pili ana 4.3 na anaangukia daraja la pili la juu. Tukiwapeleka Makerere, wa kwanza anapata B tatu, wa pili C+ mbili na A moja, na wote wawili wanatoka na 4.0, daraja la pili la juu. Kwa hesabu ya wastani ya Kenya wote wana daraja la kwanza, ila wa pili ndiye anayeongoza kwa mbali. Karatasi hazikubadilika hata nukta, lakini mizani tatu zimetoa majibu matatu tofauti kuhusu mshindi. Kiini cha jambo ni mahali ilipowekwa mipaka. Dar es Salaam, alama moja kati ya 69 na 70 ina thamani ya pointi nzima, wakati alama 30 zinazofuata, kutoka 70 hadi 100, hazina thamani yoyote katika GPA. Si ajabu kwamba mwanafunzi mwerevu, akishahisi A imo mkononi, huhamishia nguvu zake kwenye kozi nyingine. Ndivyo jedwali linavyomfundisha. Na hasara si ya heshima tu, kwa kuwa nafasi za wahadhiri wasaidizi wanaoanza kazi katika vyuo vya Tanzania hudai GPA isiyopungua 3.8 ya shahada ya kwanza, na 3.7 haipokelewi.

Atakayepinga atasema kila mpangilio wa madaraja lazima uwe na mipaka, na kila mpaka utamuumiza aliye karibu nao. Ni kweli, lakini hoja hiyo inatetea kuwapo kwa mipaka, haitetei kuzificha alama zilizo nyuma yake. Hati ya matokeo inaweza kubeba gredi na asilimia pamoja bila kuharibu chochote. Pingamizi zito zaidi ni kwamba 80 ya Kampala huenda inasahihishwa kwa mkono mwepesi kuliko 70 ya Dar es Salaam, hivyo ulinganisho wa hapo juu hauna maana. Pingamizi hilo likikubaliwa, linaipa nguvu hoja ya makala haya: ikiwa namba haiwezi kusomwa bila kujua desturi ya chuo kilichoitoa, basi si kipimo kinachojitegemea.

Desturi zenyewe zina historia. Makerere, iliyoanzishwa 1922, ilifungamanishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, na chuo cha Dar es Salaam kilichofunguliwa 1961 kilianza kwa njia hiyohiyo, wahitimu wakipewa shahada za London. Mtihani mmoja mkubwa wa mwisho na mtahini wa nje anayekuja kukagua maswali na majibu ni urithi wa enzi hiyo, nao ulibaki baada ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kuvunjwa mwaka 1970 na kuzaa vyuo vikuu vitatu vya kitaifa. Mtahini wa nje bado ana faida kubwa, hasa pale ambapo mhadhiri mmoja ndiye anayefundisha, anayetunga na anayesahihisha. Lakini kazi yake huishia kwenye maswali na usahihishaji. Jedwali la gredi hulikuta limeshapitishwa na Seneti.

Urithi huo ulitikiswa na Azimio la Musoma la Novemba 1974, ambalo lilishutumu uzito uliopita kiasi wa mitihani ya maandishi na kutaka maendeleo ya mwanafunzi yapimwe mfululizo. Kuanzia 1976 shule za sekondari Tanzania zilianza kuchanganya alama za kila siku na za mtihani wa taifa. Vyuoni mchanganyiko huo umekuwa kawaida: Dar es Salaam kazi za muhula hubeba 40 kati ya 100 na mtihani wa mwisho 60, na Nairobi mgawo uliozoeleka ni 30 kwa 70. Hakuna nadharia ya elimu inayothibitisha kwamba 40 ni sahihi na 30 ni kosa. Kilichopo ni makubaliano kuhusu kiasi cha kuamini kazi ya muhula, na makubaliano hayo huyumba pale kozi ya msingi inapokuwa na mamia ya wanafunzi katika ukumbi mmoja, kazi za vikundi zikawa njia pekee ya kuwahi kusahihisha, na mvivu akabebwa na wenzake. Hata sekondari kulipita mfano ulio wazi zaidi wa makubaliano kuyumba: mwaka 2014 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha divisheni na kutumia wastani wa pointi, kisha mapema 2016 waziri wa elimu akaagiza divisheni zirudi. Waliokuwa wamefanya mtihani wa kidato cha nne mwishoni mwa 2015 walipokea matokeo kwa divisheni.

Kanuni nyingine huonyesha wazi kwamba alama hubeba mambo zaidi ya ujuzi. Anayeshindwa kozi na kurudia mtihani wa nyongeza, yaani aliyesapu, kwa kawaida hapewi zaidi ya C hata akiandika majibu ya A. Aliyeugua na kufanya mtihani maalumu hupewa alama yake kamili. Kama shabaha ingekuwa kupima anachojua tu, wote wawili wangestahili sawa. Kinachozingatiwa ni haki kwa waliofaulu mara ya kwanza, na uamuzi huo unatetewa vizuri. Sharti la mahudhurio, ambalo vyuo vingi huliweka kwenye asilimia 75 ya vipindi, lina utetezi dhaifu zaidi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa 1992, hutoa shahada zinazotambuliwa kwa wanafunzi wanaojisomea wakiwa mbali. Kwa hiyo kukaa ukumbini si sharti la kujua. Maabara, mafunzo ya vitendo na semina zina hoja yao, maana pale kazi hufanywa papo hapo, lakini mhadhara wa kusikiliza hauna. Vivyo hivyo na krediti: Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania huhesabu saa 10 za kazi kwa krediti moja na krediti 120 kwa mwaka. Hayo ni makadirio ya muda wa mwanafunzi wa kawaida, na hakuna anayesimama na saa kuhakiki.

Kutokana na hayo, waraka muhimu kuliko zote katika kozi ni mwongozo wa kozi unaogawiwa wiki ya kwanza, ukieleza majaribio mangapi yatafanyika, kila moja lina uzito gani, kazi iliyochelewa hukatwa kiasi gani, na malalamiko hupelekwa kwa nani. Wako wahadhiri wanaoona waraka wa namna hiyo unabana uhuru wao. Azimio la Dar es Salaam la 1990 liliweka uhuru wa kitaaluma na wajibu wa wanataaluma katika maandishi mamoja, na uhuru wa kuchagua kipimo haujawahi kumaanisha uhuru wa kukibadilisha katikati ya muhula. Wengine huhofia kwamba mwanafunzi akizijua kanuni zote atafukuza alama na kusahau elimu. Alama anazifukuza tayari. Kanuni zikifichwa, anayefaidika ni mwenye kaka au dada aliyetangulia chuoni, anayejua mhadhiri gani husamehe na yupi hasamehi, na anayeumia ni wa kwanza katika ukoo wake kufika hapo.

Mwaka 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza kanda kuwa eneo moja la elimu ya juu, na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lenye makao Kampala limeandaa mfumo wa pamoja wa sifa. Mfumo huo unalinganisha ngazi za tuzo na krediti zake. Hauigeuzi B+ ya Dar es Salaam kuwa B+ ya Makerere. Anayeajiri au kusajili mhitimu kutoka ng'ambo ya mpaka asiishie kwenye GPA. Aombe asilimia za kozi na jedwali la gredi la chuo kilichozitoa, ndipo aamue.