Kitambi si ulafi tu: Jinsi maisha ya kisasa yanavyoinenepesha dunia

Zaidi ya watu bilioni 1 duniani wana unene uliopitiliza. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2022 mtu 1 kati ya kila 8 alikuwa kwenye kundi hilo. Tangu 1990, kiwango cha unene kwa watu wazima kimeongezeka zaidi ya mara mbili. Kwa watoto wakubwa na vijana, mara nne.

Wengi husema ni uvivu na ulafi. Lakini dunia nzima haikugeuka ya wavivu ndani ya miaka 30. Kilichobadilika ni namna watu wanavyoishi.

Utajuaje kama umepitiliza?

Chukua uzito wako kwa kilo, gawanya kwa urefu wako kwa mita, kisha gawanya tena kwa urefu huohuo. Jibu likiwa 25 au zaidi, uzito umezidi. Likifika 30, huo ni unene uliopitiliza. Mtu wa mita 1.70 anafika hapo akiwa na kilo 87 hivi. Kipimo hiki huitwa BMI.

Kazi za kukaa

Zamani jasho lilikuwa sehemu ya siku: kulima, kuteka maji, kwenda sokoni kwa miguu. Leo mtu anatoka kitandani, anapanda gari au bodaboda, anakaa kwenye kiti saa 8, kisha anarudi kwenye kochi na simu. WHO inasema asilimia 31 ya watu wazima hawafikishi mazoezi yanayoshauriwa, yaani angalau dakika 150 kwa wiki.

Chakula cha kiwandani

Soda ya nusu lita inaweza kuwa na zaidi ya gramu 50 za sukari, sawa na vijiko 12 hivi vya chai. Hicho tayari ni kiwango cha juu cha siku nzima kwa mtu mzima wa kawaida.

Mwaka 2019, watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya jaribio la watu 20. Kwa wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana, na kwa wiki mbili nyingine vyakula vya asili, wale wanavyotaka. Kwenye vile vya kiwandani walikula kalori 500 hivi zaidi kila siku, wakaongezeka karibu kilo 1. Kwenye vya asili, walipungua karibu kiasi hichohicho.

Usingizi

Kukesha na simu nako kuna gharama. Asiyelala vya kutosha huongezeka homoni ya njaa, na hutamani zaidi vitu vitamu na vya mafuta.

Somo la Nauru

Nauru ni kisiwa cha Pasifiki chenye kilomita za mraba 21 tu. Uchimbaji wa fosfeti uliharibu sehemu kubwa ya ardhi yake, na watu waliozoea samaki na nazi wakaanza kutegemea wali, sukari na nyama za makopo kutoka nje. Leo ni kati ya nchi zenye unene mkubwa zaidi duniani, na kisukari kimekuwa tatizo sugu.

Nini kifanyike?

Baadhi ya serikali zimeingilia kati. Mexico ilianza kutoza kodi vinywaji vya sukari mwaka 2014. Chile, tangu 2016, inalazimisha alama nyeusi kwenye vyakula vyenye sukari, chumvi, mafuta au kalori nyingi.

Kwako wewe, anza na vidogo: maji badala ya soda, shuka kituo kimoja kabla, weka simu mbali na kitanda.

Na kama BMI yako imefika 30, usingoje kuumwa. Kapime sukari na presha, kwa sababu kisukari na shinikizo la damu huweza kukaa mwilini miaka bila dalili yoyote.